Kalemie: Gari liliinuliwa, transmisio ikakataa

Kalemie, jimbo la Tanganyika – Kwa siku tisa gari la njia ya Nyunzu lilikaa juu ya magogo manne nyuma ya nyumba moja hapa mjini, matumbo nje, bila matairi. Kila asubuhi watu walipita kuuliza. Wengi walikuwa wa familia zilizokimbia makwao na ambazo sasa zilitaka kurudi vijijini na majembe yao kabla mvua haijakolea. Mama mmoja alikuja mara nne, na kila mara alikuta miguu ya fundi tu ikitokeza chini ya gari.

Mwenye gari anaitwa na wote Papa Shofere. Ana miaka zaidi ya sitini, na tangu ujana wake hajajua kazi nyingine. Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ndefu, ile yenye viti vya ubavuni na milango miwili nyuma, ya muundo wa HZJ75, yaani ya kabla ya mwaka 2000. Injini ni dizeli ya silinda sita, na resori ni za majani ya chuma mbele na nyuma. Ubavuni bado kunaonekana alama ya kibandiko cha shirika lililoliuza zamani. Papa Shofere alikibandua mwenyewe kwa maji ya moto. Nyumba mbili zinakula juu ya gari hilo: yake na ya dada yake mjane.

Anayesafiri kwenda Nyunzu kupitia Niemba anaijua njia. Malori yanachimba mifereji miwili yenye kina, na katikati kunabaki mgongo wa udongo. Lori linapita kwa sababu magurudumu yake ni marefu. Gari dogo linaingiza magurudumu ndani ya mifereji na kulaza tumbo juu ya mgongo kama mtumbwi uliopanda mchanga. Abiria wanashuka, wanasukuma, wanachimba, wanapanda tena. Msimu wa mvua uliopita gari la Papa Shofere lililala njiani usiku mara tatu, na usiku mmoja kati ya hizo kulikuwa na mama mjamzito ndani.

Basi akaamua kuliinua. Mpwa wake aliye Lubumbashi alimpigia simu: kuna resori mpya, nene, zinazoinua gari sentimeta 10 juu ya kiwango cha kiwanda. Bei dola 400. Pesa hiyo ilitoka kwenye sanduku la mke wake anayeuza ndagala sokoni. Mama hakukataa. Aliuliza swali moja tu: «Gari ikipanda juu, vile vyuma vya chini vitafika?» Papa Shofere alicheka, mpwa akacheka kwenye simu, na resori zikatumwa.

Swali la Mama lilikuwa swali la mekanika kamili, ingawa yeye hajawahi kushika ufunguo wa garaji.

Fundi aliyeitwa ni mzee kuliko gari. Alijifunza chuma kwenye karakana ya reli, kisha akahamia kwenye magari. Siku ya kwanza alifunga resori mpya za nyuma peke yake, akaliacha gari lisimame chini, akapima kwa utepe. Sehemu ya nyuma ilikuwa imepanda sentimeta 13, kwa sababu resori za zamani zilikuwa zimelala na mzigo wa miaka. Vijana wa mtaa walipiga makofi. Gari lilionekana kama la mwanajeshi. Fundi hakupiga makofi. Aliomba kipima-pembe cha mtoto wa shule, kile cha plastiki cha nusu duara, akafunga uzi na nati katikati yake, akaingia chini.

Kwa wale wasioingia chini ya magari: injini iko mbele, lakini nguvu yake inapaswa kufika kwenye ponti ya nyuma, ule mtambo wa chuma unaounganisha magurudumu mawili. Inayobeba nguvu hiyo ni transmisio, bomba refu la chuma linalozunguka chini ya viti. Juu limefungwa kwenye boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Chini limefungwa kwenye pua ya ponti. Boksi limekazwa kwenye chasi na halipandi wala halishuki. Ponti inaruka kila shimo. Ili bomba lisivunjike, kila mwisho una kiungo chenye msalaba mdogo wa chuma, kruaziyo, na katikati kuna sehemu ya meno ambapo chuma kimoja kinateleza ndani ya kingine, ili transmisio irefuke na kufupika.

Unapoinua chasi, unaliinua boksi. Ponti inabaki pale pale chini. Transmisio ndiyo inayovutwa kati ya hivyo viwili.

Uzi wa fundi ulisema hivi: kabla ya resori mpya, transmisio ya nyuma ililala kwa digrii 8. Sasa ilikuwa digrii 14. Ile ya mbele bado haikuguswa, lakini fundi alichora hesabu mchangani, na watoto wa shule wakaifuata. Bomba lenye urefu wa mita moja likiinuliwa upande mmoja sentimeta 10, linainama karibu digrii 6 zaidi. Bomba la nusu mita likiinuliwa kimo kile kile, linainama zaidi ya digrii 11. Kwa hiyo transmisio fupi ndiyo inayoumia kwanza, na kwenye gari hili fupi ni ya mbele. Yeye aliona kwamba ingepita digrii 15.

Digrii 15 si kifo. Kruaziyo nzuri inaweza kuzunguka hivyo polepole katika tope. Shida ni mwendo. Gari hili likienda kilomita 60 kwa saa, transmisio inazunguka karibu mara 1,600 kwa dakika, na kila mzunguko msalaba unapaswa kujikunja na kujikunjua mara mbili. Pembe ikiongezeka, joto linaongezeka, grisi inakimbia, na vile vipini vidogo kama sindano vilivyo ndani ya vikombe vya msalaba vinaanza kula chuma.

Lakini fundi hakutazama pembe ya bomba tu. Alipima pia uso wa boksi na uso wa pua ya ponti. Hapo ndipo vijana walipoanza kuchoka na Mama akaanza kusikiliza. Kruaziyo iliyoinama haizungushi sawasawa: kwa nusu ya safari inakimbia kidogo, kwa nusu nyingine inachelewa. Kruaziyo ya pili kazi yake ni kurudisha kile ambacho ya kwanza imeharibu. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja. Mmoja akipandisha mchi, mwenzake anashusha, na kazi inaenda laini. Mmoja akipoteza mpigo, michi inagongana. Ili kruaziyo mbili zipatane, pembe ya juu na ya chini lazima ziwe sawa, yaani boksi na pua ya ponti ziangalie sambamba. Zamani zote mbili zililala digrii 3. Sasa boksi lilibaki 3, na pua ya ponti ilikuwa imegeuka hadi 6, maana resori mpya hazikukunjwa kama zile za kiwanda. Michi ingegongana mara elfu kila dakika, na abiria wangeisikia kama mtetemo chini ya miguu, mtetemo ambao shofere wengi wanauita «matairi mabaya» na kuendelea.

Kisha akainua chasi kwa jeki hadi ponti ikaning'inia, akapima yale meno ya katikati. Gari lilipokuwa limesimama kama zamani, sentimeta 8 za meno zilikuwa ndani. Ponti iliponing'inia sasa, zilibaki sentimeta 3 na kidogo.

«Papa,» fundi alisema, «kama gurudumu la nyuma likianguka katika shimo kubwa, hii iko inashikwa na kidole.»

Wengi hapa wanakumbuka gari lingine la njia hiyo hiyo, ambalo jina la mwenyewe halina haja. Lilikuwa limeinuliwa kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya resori na ponti, transmisio ikiachwa ile ile. Lilipopanda ukingo wa kijito likiwa na watu kumi na wanne na magodoro, meno yalitoka. Nusu ya bomba ikaanguka ikizunguka na kukata mrija wa breki za nyuma. Shofere akatia vitesi vya kwanza ili gari lishike, kama anavyofanya kila shofere. Gari halikushika. Vitesi vinashikilia injini na boksi. Bila transmisio, magurudumu ya nyuma hayaijui injini. Na kwenye magari kadhaa ya zamani breki ya mkono nayo imefungwa nyuma ya boksi, kwa hiyo inaenda pamoja na transmisio. Gari lilirudi nyuma taratibu mpaka kijana mmoja akarusha gogo chini ya gurudumu. Watu wawili waliumia magoti. Godoro moja lilienda na maji.

Tangu siku hiyo wasaidizi wa njia hiyo wanabeba mawe mawili au vipande vya mbao, na anayefungua transmisio mlimani bila kuweka jiwe kwanza anatukanwa hata na abiria.

Garajini maneno yalikuwa mengi, maana hapa kwetu kila mtu aliyewahi kusukuma gari ni fundi. Jirani mmoja alisema achongeshwe rondeli nene ya chuma, ifungwe kati ya transmisio na pua ya ponti, irudishe urefu uliopotea. Ushauri huo si wa kijinga. Ni wa bei ndogo na mwenye mashine ya kuchonga chuma anaweza kuufanya kwa nusu siku, mradi rondeli iwe na unene ule ule pande zote na ikae katikati kabisa. Lakini inaponya urefu tu. Pembe inabaki ile ile. Tena inataka bolti ndefu zaidi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Wanachukua bolti za kufungia mabati au vitanda. Bolti ya transmisio ina namba kichwani, na mpya haipaswi kuwa na namba ya chini kuliko ile iliyotoka kwenye gari. Bolti laini inakatika kama muhogo.

Mwingine alisema bomba likatwe, liongezwe kipande, liunganishwe kwa moto. Fundi mwenyewe amefanya kazi hiyo mara nyingi na hakuidharau. Ila alisema wazi kwamba bomba lililounganishwa lazima linyooke na lipimwe uzito wake likizunguka, kama gurudumu linavyopimwa, na hapa mjini yeye hana mashine hiyo. Kwa trakta ya shamba angekubali. Kwa gari linalokimbia na watu, hapana.

Mpwa, kwa simu, alileta la tatu: transmisio yenye kruaziyo mbili pamoja upande wa boksi, iliyotolewa kwenye gari lingine. Hiyo kweli inavumilia pembe kubwa bila kutetema, kwa sababu misalaba miwili iliyo pamoja inasahihishana pale pale. Lakini inabadilisha sheria yote. Pua ya ponti haipaswi tena kuwa sambamba na boksi; inapaswa kuitazama transmisio karibu moja kwa moja. Nyuma unaweza kuigeuza kwa kuweka kabari za chuma chini ya resori. Mbele ukigeuza ponti hivyo, unageuza na mwelekeo wa magurudumu, na usukani unaanza kutangatanga barabarani. Watu wanauza transmisio hizo bila kusema neno hilo la mwisho.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kaye yake ya hesabu za samaki magotini. Aliandika kila kitu kilichotajwa: rondeli, bolti, kabari, kruaziyo nne, amotisa ndefu zaidi, mirija ya breki ndefu zaidi kwa sababu ya zamani ilikuwa imekazana kama kamba ya nguo. Alipomaliza alijumlisha, akamtazama mume wake.

«Resori nililipa dola mia nne,» alisema. «Sasa zinaniomba mia tatu na makumi zingine ndipo zianze kazi.»

Ndani ya sanduku kulikuwa na 180.

Papa Shofere alinyamaza muda mrefu. Wanaomjua wanasema haikuwa pesa peke yake iliyomuumiza. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu sokoni kwamba mwaka huu hatalala njiani. Aliondoka akaenda ziwani, akarudi jioni.

Wakati hayupo, fundi alifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya simu ya kwanza kwenda Lubumbashi. Alilala chali na tochi akasoma mikwaruzo. Chuma chochote kinachogusa ardhi kinaandikwa. Mikwaruzo mikubwa ilikuwa chini ya ponti zote mbili na kwenye bolti zinazofunga resori. Mingine midogo ilikuwa kwenye ubao wa tanki la mazuti, upande wa nyuma. Chini ya boksi, karibu hakuna.

Na hili ndilo ambalo wengi wanaoinua magari hawaambiwi: resori haiinui ponti. Ponti inakaa katikati ya gurudumu, na kimo chake kutoka ardhini kinatoka kwenye tairi peke yake. Weka resori za sentimeta 10 au 20, ponti itakwaruza mgongo wa njia pale pale ilipokuwa ikikwaruza jana. Tairi yenye kipenyo kilichozidi sentimeta 4 inaiinua ponti sentimeta 2 tu. Resori zinainua tanki, boksi, ekzosi na sakafu. Kwa gari hili, tanki lilikuwa linagusa kwa sababu resori za nyuma zimelala, si kwa sababu kiwanda kilikosea.

Papa Shofere aliporudi, fundi alimpa tochi, akamwambia aingie asome mwenyewe. Alikaa chini dakika kumi. Alipotoka alisema, «Basi toa hizi.»

Uamuzi huo haukupendwa na vijana. Resori za zamani zilirudishwa, lakini kwanza zilifunguliwa jani kwa jani, zikasafishwa kutu, zikakunjwa upya, na kila upande wa nyuma ukaongezwa jani moja kutoka gari lililokufa. Gari likapanda sentimeta 5 juu ya pale lilipokuwa limelala, yaani kimo cha kiwanda na kidole kimoja juu yake. Fundi aliwaita vijana kumi wakae ndani, akapima tena, kwa sababu gari la abiria halipimwi likiwa tupu tu. Uzi ulisema digrii 10 likiwa tupu, 8 likiwa limejaa. Boksi na pua ya ponti zilipishana kwa digrii moja hivi. Meno ya katikati yalibaki zaidi ya sentimeta 5 hata ponti ikining'inia. Hakukuwa na haja ya rondeli wala kabari.

Zilibaki kruaziyo, na hapo pesa iliyobaki ilienda yote bila majuto. Za zamani zilikuwa zimejisema zenyewe: mlio mkavu kama wa panya gari linapoanza kutembea, pigo la «klak» Papa Shofere anapotoka kwenye riveasi kwenda mbele, na unga mwekundu kama matofali pembeni mwa vikombe. Unga huo ni kutu ya sindano zilizokosa grisi. Ukiuona usingoje kingine.

Dukani kulikuwa na maboksi ya aina mbili. Moja lilikuwa na maandishi ya Kijapani na bei ya dola 12, lingine bila mapambo, dola 28. Vipuri vingi vinatufikia kwa kuvuka ziwa kutoka Kigoma, baada ya kusafiri kwa reli au barabara kutoka Dar es Salaam, na katika safari ndefu hivyo boksi linaweza kubadilishwa mara nyingi kuliko kilicho ndani. Fundi hakusoma boksi. Alitoa msalaba, akapima upana wa kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe cha ng'ambo, akalinganisha na ule wa zamani alioubeba mfukoni. Wa dola 12 ulikuwa mwembamba kwa unene wa ukucha. Kikombe chake kingeingia kwa kusukumwa na kidole, na kikombe kinachoingia kwa kidole kitatoka kwa kidole. Alipitisha ukucha juu ya mikono ya msalaba kutafuta mikwaruzo, akavuta kikombe kimoja kuhesabu sindano, akakuta nafasi ya sindano moja imebaki wazi.

Walichukua nne za dola 28. Kulikuwa na swali moja tena: zenye tundu la kutia grisi au zilizofungwa? Zilizofungwa zina msalaba mzima usiotobolewa, kwa hiyo ni ngumu zaidi kuvunjika. Fundi alichagua zenye tundu. Gari hili linaingia majini kila wiki, na maji yakiingia kwenye kiungo kilichofungwa hakuna njia ya kuyatoa. Kwenye chenye tundu, unapiga pampu mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne na kusukuma matope nje. Uamuzi huo ni wa njia yetu. Anayeendesha kwenye lami anaweza kuchagua kinyume.

Ilibaki kidogo kazi iharibike jioni ya mwisho. Mwanafunzi wa fundi alikuwa anaingiza kikombe cha nne, na kikakataa kufika mwisho. Akachukua nyundo kubwa. Alipiga mara mbili, na mara ya tatu mzee akamshika mkono. Kikombe kilipotolewa, sindano moja ilikuwa imeanguka na kulala chini yake. Pigo la tatu lingeivunja, kifungo cha kushikilia kikombe kisingekaa, na ugonjwa huo ungeenda hadi Niemba bila kuonekana. Walizipanga sindano upya kwa grisi nzito ili zishikamane na ukuta, wakaanza tena, na ilikuwa saa tatu ya usiku walipomaliza.

Kabla ya kufungua transmisio, fundi alikuwa ameitia alama ya patasi kila nusu, ili meno yarudi pale pale yalipokuwa. Kosa la jino moja tu linatosha kupindua mpangilio wa misalaba, na gari linatetema ingawa kila kipande ni kipya. Wengi wamenunua kruaziyo mara mbili kwa sababu ya alama ambayo haikuwekwa.

Majaribio yalifanywa kwanza na vifungo vya magurudumu ya mbele vikiwa wazi, ili transmisio ya mbele ipumzike na ya nyuma isikilizwe peke yake. Kisha vikafungwa, na wakasikiliza ya mbele kwenye mchanga wa pwani. Papa Shofere alizima redio ya gari, jambo ambalo mwanafunzi anasema hajawahi kuliona.

Siku ya kumi gari liliondoka saa kumi na moja ya asubuhi likiwa na familia tatu, mbuzi mmoja, majembe yamefungwa juu, na yule mama aliyekuja mara nne. Lilikwaruza mgongo wa njia sehemu mbili, kama fundi alivyosema, na sehemu ya pili abiria walishuka na kulichimba kidogo. Lakini tanki halikugusa. Kabla ya Niemba Papa Shofere alisimama, akaweka mawe mawili nyuma ya magurudumu, akaingia chini na kuweka kiganja juu ya kila kruaziyo, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na uvuguvugu ule ule. Kama moja ingekuwa inachoma kuliko wenzake, wangelala hapo.

Mtoto mmoja alichungulia akamuuliza, «Papa, unatafuta nini?»

«Niko nazisalimia,» alijibu, akajipangusa mikono kwenye majani.

Walifika jua likiwa bado juu.

Zile resori ndefu ziko bado ukutani kwa Mama, zimefunikwa gunia. Anaziuza dola 350. Mtu wa kwanza aliyekuja kuzitaka ana gari la mizigo, na Mama alimuuliza kama amepima transmisio. Akasema bado. Alimwambia aende kwanza kwa fundi, arudi na vipimo.